Nilivyomwondoa Mutua kwenye Swichibodi

Siku yangu ya kwanza katika kampuni ya bima, orofa ya tano katikati ya jiji, Mkuu wa Idara ya Mitambo hakunionyesha kompyuta hata moja. Aliniwekea kiti kando ya makarani wa madai.

"Kaa hapa siku mbili uwaangalie," alisema. "Ukimletea mtu mtambo kabla hujamwona akifanya kazi, umemletea shida."

Alipostaafu nilichukua nafasi yake. Kazi yangu ilikuwa kuchagua mitambo mipya na kuwasaidia watu kuizoea. Kila mtambo tuliujaribu kwa njia tuliyoiita kwenda sambamba: wa zamani na mpya hufanya kazi pamoja wiki kadhaa, mpaka tuhakikishe kwamba mpya hautatuangusha.

Kisha akaja Mkurugenzi Mkuu mwenye haraka. Alitaka simu zijibiwe na mashine, ile inayomwambia mteja abonyeze moja kwa madai, mbili kwa malipo.

"Mambo ya sambamba sitaki kuyasikia, Madam Wanjiru," aliniambia.

Swichibodi, meza ambapo simu zote ziliingia na kugawanywa, ilikuwa ya Mutua. Tangu utotoni hakuwa akiona. Alitoka kwake Kangemi mapema, na saa mbili ikigonga alikuwa ameshavaa vipokea sauti. Mteja wa zamani akisema "halo" tu, Mutua alimtaja kwa jina.

Alipopata habari za mashine, alihesabu milango hadi ofisini kwangu.

"Madam, mimi sipingi mashine," alisema. "Lakini wengi wanapiga hapa wakiwa wamefiwa. Mtu kama huyo hajui kama shida yake ni moja ama ni mbili. Weka namba ya kuniita mimi, hata sifuri tu. Na uniache wiki moja nisikilize pale wanakwama."

Sikuwa nimeletewa wazo bora kuliko hilo mwaka mzima. Nililiandika kwenye karatasi, nikamwahidi kulifikisha.

Mkutanoni Mkurugenzi Mkuu aliuliza, "Kuna mtu ana neno?"

Karatasi ilikuwa chini ya kiganja changu. Nilikuwa natarajia kupandishwa cheo.

"Hapana," nikasema. "Tuko tayari."

Mutua alipewa barua yake ya kuachishwa kazi Ijumaa. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa kujaribu. Sikumsahihisha.

Simu zikapungua, na wakubwa wakafurahi, wakidhani wateja wanahudumiwa upesi. Mimi nilisikiliza zilizorekodiwa. Mama mmoja alikuwa akisema, "Halo? Kuna mtu hapo?" huku mashine ikimrudishia maelezo yale yale, mpaka akakata. Baadaye nilipendekeza tuweke sifuri. Mkurugenzi Mkuu akanipongeza mbele ya wote kwa ubunifu wangu. Nikasema asante.

Cheo nilikipata. Sasa nimestaafu, ninakaa Kinoo, na wasimamizi wa teknolojia wa siku hizi huja kuniuliza jinsi ya kuwafanya wafanyakazi wakubali mitambo mipya. Huwaambia kwamba Mutua alikuwa amekubali. Ni mimi niliyeogopa, na mambo mengi niliyoripoti kama upinzani wa wafanyakazi yalikuwa maarifa ambayo sikutaka kuyabeba hadi ghorofa ya juu, kwa wakubwa.

Mwezi uliopita nilimtafuta Kangemi. Nilimkuta sebuleni, redio ikiwa na sauti ya chini. Nilimweleza yote: karatasi, cheo, pongezi. Alizima redio.

"Kumbe hawakuwahi kusikia," alisema.

"Hawakusikia, Mutua. Nisamehe."

Alizungusha kikombe mezani.

"Mke wangu, miaka hii yote, husema ni mimi nilinyamaza. Eti sikujitetea." Akageuza uso kuelekea jikoni, akaita, "Mama Kioko! Kuja ukae hapa kidogo."

Mkewe akaja akipangusa mikono, akaketi kando yake.

"Sasa, Madam," Mutua akasema, "rudia hiyo maneno. Pole pole."

Nikarudia tangu mwanzo.