Mashine ya Polishi na Kitambaa cha Baba

Mtu mzima mwenye akili zake timamu hamuliki gari lake kwa tochi saa nne asubuhi, jua la Chanika limewaka mpaka kuku wamejificha chini ya karo. Mie nilimulika. Nilikuwa nimechuchumaa mbele ya boneti, tochi ya simu mkononi, na mke wangu amesimama mlangoni na ungo wa mchele.

"Umepoteza nini?" akauliza.

"Natafuta michirizi."

"Umeipata?"

Nilikuwa nimeipata, wallahi. Gari langu ni jeusi, nililinunua likiwa limeshachoshwa na Wajapani, na kwa miaka sita nilikuwa najidanganya kwamba linang'aa. Kivulini, sawa. Lakini ukilipiga mwanga, boneti nzima imejaa viduara vyembamba, kimoja juu ya kingine, kama utando wa buibui. Ugonjwa huu wa kutazama viduara niliuokota kwenye simu. Nilikuwa natafuta namna ya kuondoa harufu ya samaki kwenye buti, video moja ikaniletea nyingine, mara namtazama mzungu mwenye glavu anaibembeleza rangi ya gari kama mtoto mchanga. Yule bwana akasema viduara vile haviletwi na jua wala na barabara mbovu. Vinaletwa na mtu anayefuta vumbi kwa kitambaa kikavu. Vumbi ni mchanga, akasema, na mchanga chini ya kitambaa ni msasa.

Nikajua palepale ni nani.

Baba yangu alikuwa dereva. Si dereva wa kubahatisha. Aliendesha mabosi wa shirika moja mjini kwa miaka thelathini na ushee, na kila alfajiri, kabla bosi hajamaliza chai yake, baba alikuwa ameshalifuta gari lote kwa kipande cha fulana kuukuu, kikavu, duara baada ya duara. Alipostaafu, bosi wa mwisho alimwandikia barua. Sentensi moja ya barua ile tuliikariri nyumbani kuliko jedwali la kuzidisha: kwamba kwa muda wote aliofanya naye kazi, hakuwahi kuona vumbi juu ya gari. Baba akaitia kwenye fremu. Mama alipofariki tukamtoa baba Mtoni, tukamleta kwetu, akaja na begi moja, redio, msala na fremu ile. Msumari wa kwanza kupigwa kwenye sebule yangu ulikuwa wa kuitundikia.

Kwetu hana kazi. Mke wangu hamruhusu kubeba hata ndoo. Akishika jembe, majirani wanakuja mbio kumnyang'anya kwa heshima zote, halafu wananitazama mie kwa jicho baya. Kilichobaki ni gari. Akitoka kuswali alfajiri anachukua kitambaa chake juu ya simtanki la maji, anaanza na paa, anamalizia na taa. Barabara yetu ni ya vumbi jekundu, kwa hiyo kazi haimwishii. Nikitoka kwenda kazini namkuta amesimama pembeni, kitambaa amekikunja mara nne, ananiambia, "Nenda, gari liko tayari." Sasa wewe jaribu kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba anakuharibia rangi.

Mie sikumwambia. Nilikuwa mwoga, nikaona bora ninunue mashine. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: baba aendelee kufuta, mie niwe nasugua kimyakimya nyuma yake, maisha yaende.

Sasa mashine ya polishi nayo si unga wa sembe kwamba unaingia dukani unasema nipimie. Nilikwenda Kariakoo Jumamosi tatu mfululizo, duka lilelile, kwa bwana mmoja mnene mwenye kalamu sikioni. Kwanza alinitolea lile dude la gereji, zito, ambalo kazi yake ni kuzunguka tu.

"Hii ndo yenyewe, braza. Mafundi wote wanatumia hii. Dakika mbili mkwaruzo kwisha."

"Inaunguza rangi," nikasema, maana nilishakuwa msomi.

"Inawaunguzia wasiojua."

"Ndo mimi huyo."

Akacheka, akanitolea nyingine, ile inayozunguka huku inayumba, wenyewe wanaiita DA. Sponji yake haing'ang'anii sehemu moja, kwa hiyo joto halijikusanyi, na hata mjinga akiishika gari linapona. Nikaona nimefika. Kumbe nazo zina ukoo! Kuna zinazoyumba kidogo na zinazoyumba sana. Kuna zenye sahani pana ya kusugulia boneti, na zenye sahani ndogo ya kupenya kwenye kona za bampa. Nyingine ukiikandamiza kidogo tu inasusa kuzunguka, inabaki kutetemeka. Nikawa nazishika moja moja, nafumba macho, napima uzito. Nikamwazima kalamu yake nikachora alama kwenye kila sahani, nikamwambia awashe, nione ipi inazunguka kweli na ipi inanidanganya. Wateja wengine wakawa wanasubiri.

Jumamosi ya tatu yule bwana uzalendo ukamshinda. "Braza, hivi unanunua mashine au unaoa?"

Duka zima likacheka. Nikacheka nao, lakini sikukubali kuharakishwa. Mwishowe nikachukua ya katikati: nyepesi, inayumba kiasi, na ukiikandamiza haisusi. Wakati anaifunga akaniambia neno ambalo siku ile sikulitilia maanani.

"Ila usiifanye mchezo wa kila siku. Ukipolishi unakula klia, ile ngozi ya juu ya rangi. Klia haioti tena kama kucha. Ikiisha, imeisha."

Nikamwambia sawasawa, nikaondoka nimekumbatia boksi.

Jumamosi iliyofuata nikaliosha gari, nikaliweka kwenye kivuli cha ukuta, nikavuta waya wa umeme kutoka jikoni. Baba akatoa kiti chake cha plastiki, akakaa kunitazama.

"Limepatwa na nini?" akauliza.

"Rangi imechoka tu, baba."

"Imechoka?" Akalitazama gari kwa mshangao. "Mbona mie nalitunza."

Nikawasha mashine ili nisijibu. Nikasugua boneti, paa, buti, na milango ya upande wa kulia. Mikono ilitetemeka mpaka kikombe cha chai kikanishinda kukishika. Lakini jamani, boneti ile! Niliona mawingu ndani yake. Niliona waya wa kuanikia nguo na pindo la kanga ya mke wangu. Yeye alikuja akajitazama, akatengeneza mtandio, akasema, "Baba watoto, hivi hiyo mashine haisugui masufuria?" Milango ya kushoto nikaiacha kwa ajili ya kesho. Nilijiona fundi, nikalala mapema na maumivu yangu ya mabega.

Jumapili alfajiri nikasikia ile sauti. Shwa, shwa, shwa. Wengine hawawezi kuisikia, lakini mie kwa wakati ule ningeisikia hata nikiwa Mbezi Luis. Nikatoka nimejifunga msuli vibaya, miguu peku. Baba alikuwa katikati ya boneti, ameinama, anafuta kwa upole wake uleule, na vumbi jekundu la usiku mzima liko chini ya fulana.

Mashine niliichagua kwa wiki tatu. Maneno sikuyachagua hata kidogo.

"Baba, acha! Unalikwaruza!"

Akasimama wima. "Nalikwaruza?"

Na hapo ningeweza kunyamaza. Ningesema nimeota ndoto, ningesema chochote. Lakini hasira zilikuwa zimenipanda, na nilikuwa na simu mkononi. Nikamshika mkono, nikampeleka mlango wa kushoto, ule ambao sijausugua, nikamulika. Kisha nikamrudisha upande wa kulia, nikamulika. Kushoto utando wa buibui, kulia kioo. "Unaona? Hivi viduara vyote ni kitambaa chako. Miaka yote."

Baba akasogea karibu. Akapitisha kiganja juu ya mlango taratibu.

"Hata lile la bosi?" akauliza.

"Lilikuwa rangi gani?"

"Jeusi."

Wallahi mpaka leo natamani ningeumwa na jino dakika ile. "Yote, baba. Hata la bosi. Rangi ndo zilivyo."

"Yaani miaka yote ile nilikuwa nakwaruza magari ya watu."

Hakuniuliza; alisema tu. Akakikunja kitambaa mara nne kama kawaida, akakirudisha juu ya simtanki, akaingia ndani. Mchana nilipopita sebuleni nikakuta ukutani umebaki msumari.

Nikamaliza milango ya kushoto jioni ile, nikiwa nimenuna, nikijiambia nimesema kweli na kweli haina kosa. Gari likawa linang'aa pande zote. Siku ya pili likawa na vumbi. Siku ya tatu vumbi zaidi. Yule mzungu wa kwenye simu anasema gari lioshwe kwa ndoo mbili za maji, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa. Hajui kwamba kwetu maji yakitoka ni habari ya kupigiana simu. Nikawa naendesha gari jekundu lenye klia safi chini yake. Baba akawa hatoki. Anaswali, anarudi chumbani, anawasha redio kwa sauti ndogo. Uji anaurudisha nusu.

"Umemwambia nini mzee?" mke wangu akaniuliza siku ya nne.

Nikamweleza, pamoja na tochi. Akaacha kukata mchicha.

"Kwa hiyo kati ya baba na boneti, ukachagua boneti. Haya, hongera, inang'aa."

Aibu iliyonishika sina mfano wake. Nikaenda chumbani kwa baba, nikapiga magoti, nikamwambia nisamehe. Afadhali angenigombeza. Alisema, "Hujakosea, mwanangu. Umesema kweli." Nikamwambia tuwe tunasugua pamoja, mashine ni nyepesi, nimeichagua vizuri. Akatabasamu kidogo. "Mie dereva. Sio fundi." Akaongeza sauti ya redio, nikajua nimeruhusiwa kuondoka.

Kesho yake nikaamka kabla yake. Nikangoja amalize kuswali, arudi chumbani, nikakichukua kile kitambaa juu ya simtanki, kikavu, nikaanza kufuta. Ndiyo, mie mwenyewe, na mashine yangu ya wiki tatu. Nilisikia kila chembe ya mchanga inavyopita kwenye klia, na roho iliniuma, usione. Makusudi nikaanzia chini, kwenye kizingiti cha mlango, penye matope yote, kisha nikapandisha kitambaa hichohicho mpaka kwenye boneti. Nikafuta ovyo, huku na huku, kama mtu anayefukuza nzi.

Dirisha la chumba cha baba likafunguka.

"We! We bwana! Unaanzia chini?"

Nikaendelea kama sijasikia.

"Nani kakufundisha upuuzi huo? Hebu lete hapa!" Akatoka na kanzu yake ya kuswalia, amenikasirikia kwelikweli, na sijawahi kufurahi kugombezwa namna ile tangu nizaliwe. Akaninyang'anya kitambaa, akakikung'uta. "Paa kwanza. Vumbi linashuka, halipandi." Akafuta duara moja. Kisha mkono ukasimama.

"Si litakwaruzika?" akauliza, bila kunitazama.

"Litakwaruzika."

"Sasa?"

"Sasa mashine ninayo. We futa, mie nitasugua."

Akanitazama machoni, nami sikukwepa. "Kwa hiyo hii ni kazi ya watu wawili," akasema.

"Ya watu wawili, baba."

"Ungesema hivyo mwanzo." Akarudi kwenye paa. Shwa, shwa, shwa. Jioni niliporudi kutoka kazini fremu ilikuwa kwenye msumari wake, imepanguswa kioo, na nina hakika ilipanguswa kwa kitambaa kilekile.

Tangu hapo ndivyo tunavyoishi. Baba anafuta kila alfajiri, na kila mwisho wa mwezi natoa mashine nasugua alichofuta. Anakaa kwenye kiti chake cha plastiki ananisimamia. Siku hizi tochi anashika yeye. Anamulika mlango, anasema, "Hapa umeruka," na kweli nimeruka. Mke wangu anatupitia na beseni la nguo anasema tumepatana, mmoja anaharibu mwingine anatengeneza, na hakuna hata mmoja anayemsaidia kuanika.

Lakini lile neno la muuza mashine limenirudia. Klia haioti tena kama kucha. Kila mwezi nala kidogo, na sina kipimo cha kujua imebaki kiasi gani. Nabonyeza kidole kwenye boneti kama kitaniambia. Baba naye mwezi uliopita alianza kufuta kwa kukaa, kiti anakisogeza mlango hadi mlango, na paa sasa analifikia nusu. Sijamwambia kitu. Nusu iliyobaki naimalizia mie, kikavu, duara baada ya duara, akiwa ameingia ndani kunywa chai. Na kila nikiichomeka mashine kwenye umeme, kabla sijaiwasha, naomba dua moja fupi. Naomba klia ndiyo itangulie kuisha.