Choo cha Dorkas Kwenye Dodoso

Nyumba ya Dorkas ni ya kwanza ukishuka barabarani Kinyangiri, na kwa sababu hiyo watafiti wameshamhoji mara tisa. Jua likiwazidi wanaishia kwake. Naye kazi ameijua: kwanza anasoma fulana ya mgeni. Ikiwa na picha ya mbu, nyumba nzima inalala ndani ya chandarua; ikiwa na sahani, hawajala tangu juzi. Hajioni mwongo. Mtu katoka mbali, umnyime jibu analolitaka?

Mwaka jana akaja mtafiti mwingine, Yasinta, binti kutoka mtaa wa Mandewa mjini, fulana yake haina picha wala neno. Dorkas akakosa pa kushika.

"Shikamoo, mama. Kompyuta ndiyo imechagua nyumba yako, na nyingine hadi kule bondeni. Mna choo?"

"Marahaba, mwanangu. Kipo kizuri, cha bati."

"Naomba nikione."

Dorkas akaanza kukohoa. Choo kilikuwepo kweli, ila tangu masika kuku watatu walikuwa wakiatamia humo, na familia inaingia vichakani. Yasinta alipofungua mlango, tetea mmoja akamrukia kifuani.

"Mama, hiki choo au banda?"

"Kwani hapo wamekuandikia nini?"

Yasinta akatazama kishikwambi. "Kuna 'kipo' na 'hakipo'."

"Basi kipo. Waulize kuku."

Binti akacheka, akabonyeza 'kipo'. Kisha akauliza maji wanachota wapi. Dorkas akaitazama tena ile fulana, haikumsaidia, ikabidi aseme kweli: saa mbili kwenda, mbili kurudi, bila kuhesabu foleni.

Matokeo yaliposomwa mkutanoni, kijiji kilikuwa na vyoo asilimia tisini na nane. Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Lakini kwenye maji, kaya themanini, kila moja imehojiwa kivyake, zilikuwa zimesema karibu neno moja. Mwenyekiti Kefa, ambaye taarifa zake zote zilisema maji yapo jirani, alisimama akadai wanawake wanakuza mambo.

"Wote themanini, mwenyekiti?" Dorkas akauliza. "Tulikutana wapi kupanga?"

Kefa akakaa.

Kisima kilichimbwa mwezi wa tisa, hatua mia nane kutoka kwa Dorkas. Maji yake yana chumvi. Anayalalamikia kila siku, na kila siku ni wa kwanza kwenye foleni.