Pumzi za Baba kwenye Santuri

Kaka yangu anaishi Ujerumani na anapiga muziki ambao sijawahi kumweleza mtu akanielewa. Walimu wenzangu hapa Isingiro wakisikia nina kaka mwanamuziki Ulaya, huuliza kama ni wa bongofleva au wa kwaya. Zamani nilijaribu kueleza. Siku hizi nasema, "Anapiga gitaa," kisha nauliza kama chai imeiva.

Gitaa lipo, kweli. Aliponitumia albamu yake ya kwanza kwa simu niliisikiliza Jumapili baada ya ibada, nikichambua maharage barazani. Ilianza vizuri, gitaa polepole, kama wimbo wa kumbembeleza mtoto. Halafu kikaja kishindo kama cha mtu anayepiga mlango wa bati kwa rungu, kikaendelea, kikaendelea, na juu yake chuma kikisaga chuma, na sauti ya kaka yangu ikinong'ona kwa Kijerumani kama mtu anayemsengenya jirani. Mwishoni kengele moja, na mbwa wanabweka. Mume wangu alikuwa uani anatia jembe mpini. Aliinua kichwa akauliza, "Hiyo redio imeingia maji?"

Zikafuata nyingine. Kwenye majalada kulikuwa na mafuvu, misitu iliyoungua, wanaume waliovaa makoti ya jeshi lisilojulikana. Kaka alisema huo ni muziki wa mwisho wa dunia, na kwamba wapo watu kule wanaoupenda sana, wanavaa nyeusi tupu na kukusanyika kwenye viwanda vilivyokufa ili wausikilize. Nilikasirika kidogo. Sisi tuliokulia karibu na mpaka tuliwaona watu wakivuka na magodoro kichwani, na watoto ambao walikuwa hawalii tena. Mwisho wa dunia ulipita barabarani kwetu, na hakuna aliyeuvalia koti. Lakini kaka ni kaka. Nikamwambia, "Hongera, nimesikia," na ikawa hivyo kila alipotuma.

Kisha baba akaugua.

Baba alikuwa mtu wa mashine. Utoto wetu wote pale Kituntu alifanya kazi kwenye mashine ya kukoboa kahawa, akimimina buni kavu juu na kupokea zilizomenywa chini, na vumbi la maganda lilimwingia mpaka kwenye kope. Jioni mama alimvua shati mlangoni, akalikung'uta kwenye mti, na wingu la kahawia likaondoka kuelekea kwa jirani. Kikohozi alikuwa nacho tangu nianze kukumbuka. Uzeeni kikamlaza. Hospitali walimtibu kadiri walivyoweza, wakatuambia mapafu yamechoka, sasa tumtunze nyumbani. Nikaomba ruhusa shuleni, nikaenda Kituntu kumsaidia mama.

Sitapamba. Kuuguza mtu wa kifua ni kazi ya makohozi. Palikuwa na bakuli la bati, jeupe, lenye ua jekundu na ukingo uliobanduka rangi, tukaliwekea majivu ili atemee humo. Nililimwaga na kuliosha nyuma ya nyumba, kwenye migomba, kila lilipojaa. Harufu yake ilikuwa ya kitu kilichooza kikiwa bado hai. Kuna siku nilitapika palepale, nikasukutua mdomo, nikarudi ndani. Nilikuwa na kinyaa, siwezi kudanganya, lakini kilikuwa kinyaa cha mtu na baba yake, hakikunizuia kumshika mkono.

Aliyeteseka zaidi kwa ajili ya lile bakuli ni yeye mwenyewe. Baba alikuwa mtu nadhifu, mtu wa kupiga pasi hata shati la shambani. Kila alipomaliza kutema alilifunika kwa kipande cha jani la mgomba, akaniambia, "Usitazame, mama." Ndivyo alivyoniita tangu nikiwa mdogo, mama.

Kaka alifika baba akiwa bado anatambua watu. Alipiga magoti kizingitini, akalia kabla hata ya kuamkia.

"Shikamoo, Tata."

"Marahaba. Umekuja?"

"Nimekuja."

"Umekonda," baba akasema, yeye ambaye alikuwa amebaki mifupa, na sote tukacheka.

Kaka alimlisha uji kwa kijiko. Alikaa naye mchana kutwa. Aliweka simu karibu na mto, nami nikadhani anachukua sauti ya mzee iwe kumbukumbu kwa watoto, kama watu wengi wanavyofanya. Nilimsogezea hata kiti. Siku nyingine alitoka akaenda kwenye mashine ya kahawa, akashinda huko, akarudi na vumbi kwenye nywele. Mama akasema amekumbuka utoto. Wiki ilipokuwa inaisha, asubuhi, baba alikata roho. Mama alilia akiwa ameketi kwenye majani yaliyotandazwa sebuleni, kilio kile kirefu cha kwetu ambacho kinamwita mume kwa sifa zake zote, na majirani wakaanza kumiminika kutoka kila kibanja cha migomba. Kaka alisimama ukutani, mkono mmoja ndani ya mfuko wa koti. Tulimzika baba nyuma ya nyumba, karibu na mibuni.

Mwaka uliofuata tulipanga ibada ya kumbukumbu na kulijengea kaburi. Kaka akaja tena. Siku moja kabla ya ibada, mchana, tulikuwa tumemaliza kumenya ndizi na sufuria ziko jikoni, akatuita sebuleni mama na mimi. Alikuwa na furushi. Alilifungua taratibu kama mtu anayefungua kitenge cha zawadi, akatoa santuri, zile kubwa nyeusi za zamani. Kumbe kule zimerudi, watu wanazipenda kuliko simu.

"Mama, hii nimeitengeneza kwa ajili ya Tata," akasema, akampa.

Mama aliipokea kwa mikono miwili. Hakuwa na miwani, akanipitishia mimi.

Jalada lilikuwa na picha moja, nyeusi na nyeupe, iliyochapwa vizuri mno kwenye karatasi nene. Ilikuwa duara. Nilidhani ni mwezi. Kisha nikaona ua, na ukingo uliobanduka, na ndani ya duara, juu ya majivu, nikaona kilichokuwa kinang'aa. Hata mapovu yake yalikuwa yanaonekana, moja moja. Pembeni, nusu nje ya picha, lilikuwa limelala lile jani la mgomba.

Niliigeuza santuri kifudifudi juu ya meza, kisha nikaiondoa mezani, maana pale ndipo tungeweka chakula, nikaiegemeza chini ukutani.

"Ni picha ya nini?" mama akauliza.

"Ni bakuli," nikamjibu.

Kaka alikuwa ameshaunganisha simu na spika ndogo. Kwa muda hakukuwa na kitu. Halafu baba akavuta pumzi ndani ya sebule yetu.

Mama aligeuza uso kuelekea mlango wa chumba cha kulala. Sote watatu tuligeuka. Pumzi iliingia ikikwaruza, ikakaa, ikatoka na ule mluzi wake mwembamba, na mimi nikajikuta nimeanza kuinuka kwenda kumweka vizuri kwenye mto. Kisha ile mashine ikaanza. Ilikuwa ndiyo yenyewe, mashine ya kahawa, niliijua kwa mkanda wake unaopiga kofi, ila kaka alikuwa ameifanya kubwa kama nyumba. Ikasaga, ikasaga, na pumzi ya baba ikigaagaa chini yake kama kitu kilichokanyagwa. Gitaa likapita kidogo. Kaka akanong'ona maneno yake, safari hii kwa Kinyambo chetu, kuhusu jua kuzimika na mito kukauka. Na kutoka mbali kikaja kilio cha mama, kaka amekikata vipande na kukirudiarudia, jina la sifa la baba likianza na kukatwa, likianza na kukatwa, kama santuri iliyokwama.

Mama aliweka kiganja mdomoni, kana kwamba angeweza kukizuia kisitoke.

Kilipoisha, kuku waliendelea kuparua uani. Mama aliuliza kwa upole, kama anavyouliza habari za safari:

"Yule anayelia ni mimi?"

"Ni wewe, mama."

"Na huko kwenu, watu wakisikia kilio hicho, wanafanya nini?"

"Wanasikiliza. Wananyamaza kabisa. Wengine wanafumba macho."

"Halafu?"

"Wimbo ukiisha wanapiga makofi."

"Makofi," mama akasema. Akafikiri. "Hakuna anayeuliza nani kafa?"

Kaka alitazama spika yake. Mama aliinuka, akajishika magoti, akaenda jikoni kuangalia ndizi.

Nilimvuta kaka mpaka nyuma ya nyumba. Sikutaka mama asikie, lakini nadhani alisikia.

"Umepeleka makohozi ya baba Ulaya," nikamwambia. "Watu wanayatundika ukutani."

"Usiseme hivyo. Ile mashine ndiyo iliyomuua. Wewe unajua, mama anajua, hakuna aliyewahi kusema. Hata mazishini mchungaji alisema ni mapenzi ya Mungu. Mimi nimesema. Nimeziweka pamoja, mashine na mtu, ili anayesikia ajue nani anammeza mwenzake. Ulitaka nimwimbie pambio?"

Hapo alinipata kidogo. Kuhusu mashine alisema kweli, na nilikuwa sijawahi kulisikia likisemwa kwa sauti na mtu wa nyumbani kwetu.

"Na bakuli?"

"Bakuli lilikuwa kitu cha kweli kuliko vyote nilivyoviona humu."

"Alikuwa analifunika! Amekaribia kufa, mkono hauna nguvu, na bado analifunika. Jani liko pale kwenye picha yako. Wewe ndiye uliyelitoa."

Akaanza kulia, akasema kwa sauti ya chini, "Nilikuwa mbali miaka yote. Wewe ulimuuguza. Mimi sikuwa na kingine cha kumfanyia. Ninachojua ni kusikiliza tu."

"Ulikaa hapa wiki nzima," nikamwambia. "Ungeliosha lile bakuli."

Alichuchumaa kati ya migomba, mikono kichwani, na viatu vyake vyeusi virefu vikiwa vimeingia kwenye maganda ya ndizi. Ni kaka yangu, tumelala mkeka mmoja. Nilipaswa kumshika bega. Badala yake nilijikuta natazama mfuko wa koti lake, nikijiuliza kama simu imewashwa. Wazo hilo lilinichukiza kuliko picha, nikaondoka nikamwacha pale.

Ibada ilikwenda vizuri. Kaka alisimama na wanaume wa sauti ya nne, akaimba nyimbo zote bila kitabu, na wazee wakamsifu kwamba Ulaya haijamharibu. Nilipakua chakula, nikawapa wageni maji ya kunawa, na kila nilipopita karibu naye nilibana pumzi bila kukusudia, kama mtu anayepita kwenye mzoga wa mbwa barabarani. Hakuna mgeni aliyeonyeshwa santuri. Mama alikuwa ameisukuma mvunguni.

Asubuhi ya kuondoka, bodaboda ikiwa imeshafika ya kumpeleka Kayanga, mama alimshika kaka mkono akamwambia, "Hiyo kazi yako. Toa mashine. Toa na mimi. Toa na maneno yako yale. Mwache baba yako peke yake, halafu unitumie."

Nilidhani ni maneno ya kumuaga tu. Lakini kaka alifanya. Baada ya muda ilinijia kwenye simu, na ujumbe mfupi: "Ya mama." Nilipokwenda Kituntu likizo niliihamishia kwenye simu ya mama bila kuifungua.

Sasa mama huisikiliza mchana, akiwa jikoni. Huegemeza simu kwenye chungu cha chumvi, akaanza kumenya ndizi, na baba anahema pale kati ya majivu na moshi, anakohoa, anahema. Mama anaongea naye mara mojamoja. Mimi nikiisikia nasikia na harufu. Naona ule mng'ao juu ya majivu, namwona mtu asiyemjua baba akilitazama jalada kwa raha akiwa na kinywaji mkononi. Siwezi kutenganisha.

Kaka hupiga simu bado. Tunaongea mvua, kahawa, afya ya mama. Aliniambia ile albamu imependwa na wanataka kuitoa tena, akauliza kama naona abadilishe jalada. Nikamwambia amuulize mwenye bakuli. Akasema salimia watoto. Sijui kama alilibadilisha. Sitafuti kujua.

Likizo iliyopita nilimkuta mama tena na simu yake pale jikoni. Nikasimama mlangoni, mkono puani.

"Mama, kweli hiki kitu hakikutii kinyaa?"

Hakuacha kumenya.

"Nimelala karibu na sauti hii tangu nikiwa msichana," akasema. "Wewe kama inakusumbua, nenda kachume maharage."

Nikachukua kikapu, nikaenda.