Tunutu Jikoni kwa Jirani

Miaka ya utoto wangu siijui kwa tarakimu, naijua kwa chungu. Kuna mwaka tuliokula mihogo michungu, kuna mwaka wa maboga yasiyo na chumvi, na kuna mwaka tuliokula mbegu. Huo wa mbegu ndio ulionirudia juzi, mjukuu wangu aliposhuka garini hapa Nanyala amekumbatia sanduku la kioo. Ndani nzige. Wazima! Binti huyo yuko chuo kikuu, anachunguza ubongo wa wadudu, na nikimtaja kanisani shingo yangu hurefuka. Lakini nilipowaona wale, nilishika mlango.

Wewe, mwenzangu, hujaona jua likizibwa na mbawa. Walitua kwenye ulezi wetu wakatuachia mashina, na kutafuna kwao kulivuma kama moto kwenye nyasi kavu. Tukasaga mbegu iliyoning'inia juu ya moshi. Uji ule bibi yangu aliunywa akilia, maana anayekula mbegu amekula na ya mwakani. Msimu ulipofika akatembea kwa miguu hadi Mbebe kwa kaka zake, kuomba mbegu. Akarudi na kifurushi kimoja kichwani. Tulipanda hicho. Kingine hakikuwepo.

Ulezi ulipoanza kuinamisha vichwa, akaja Mzungu mtafiti wa nzige. Alipanda kutoka bonde la Mbangala na sanduku la wavu limejaa tunutu, watoto wa nzige, wengine mbawa zinachomoza. Nilichungulia. Mmoja alikaa peke yake chupani, kijani, mwoga, akijificha nyuma ya jani. Waliosongamana sandukuni walikuwa wekundu kwa weusi, wote wameelekea upande mmoja. Upande wa shamba letu, naapa.

Baridi ya mwezi wa sita iliwalegeza, hivyo akatafuta jiko lisilozimika moto. Akafika kwa bibi, kofia mkononi.

"Mama, wakae karibu na moto tu. Nikiwajua tabia, nitawazuia."

"Chui naye unamfuga ndani ili umjue meno?"

"Hawatatoka, mama."

"Hata mbuzi wangu hatoki, mpaka siku atakapotoka." Bibi akasimama akaujaza mlango. "Aliyekula ulezi wangu hataota moto wangu."

Jirani yetu, mke mchanga aliyeolewa karibuni, hakuweza kukataa kama bibi. Akapokea sanduku, Mzungu akashuka tena bondeni. Basi amani ikaisha. Kila alfajiri bibi alinituma nikatazame kifuniko. Nikirudi kusema kimefungwa, haniamini, anakwenda mwenyewe, kanga mabegani, akikohoa kwa baridi. Mchana alikaa ukingoni mwa shamba akishtuka kila panzi akiruka.

Asubuhi moja nikakuta kifuniko wazi, sanduku tupu.

Nilipiga ukelele ambao hata leo nikikumbuka koo linawasha. Kijiji kizima kikakimbilia mashambani na madebe. Tukapiga, tukapiga, viganja vikatoka malengelenge, na macho yetu juu kwenye anga safi. Jirani naye alipiga debe kando yetu, macho chini. "Walitokaje?" tulimuuliza. Akazidi kupiga debe.

Jua lilipoelekea kuzama, harufu ikatufikia: nzige wa kukaanga, na chumvi yao. Tukaifuata hadi jikoni kwa jirani. Alikaa pale mama mkwe wake, aliyefika jana yake jioni kutoka ng'ambo ya mpaka, anatafuna. Alikuta sanduku kando ya moto akadhani ni kitoweo alichowekewa yeye, mgeni. Na kwetu mke mchanga hamwambii mama mkwe aache. Heri apige debe kutwa nzima akijua fika anga ni tupu.

"Watamu," mama mkwe akasema akilamba vidole. "Ila mkamwana wangu kawakondesha."

Bibi alikaa juu ya debe lake akacheka mpaka machozi yakamtoka, halafu yakaendelea kumtoka bila kicheko. Ulezi tuliuvuna. Mzungu aliporudi na kuona sanduku tupu alichutama chini kama mfiwa. Bibi akamwita jikoni, akampa togwa, akamsogezea kigoda motoni. "Huyu," akatuambia, "hajala ulezi wangu."

Siku hizi hapa ni mahindi na kahawa. Ulezi wenyewe watoto hawaujui, madebe yamekuwa ndoo za plastiki, hayalii. Mjukuu wangu ananieleza kwamba nzige mmoja ni mpole, ila wakisongamana na kugusana miguu ya nyuma, ubongo wao mdogo kama chembe ya ulezi hugeuka, wakawa jeshi. Nilimsikiliza kwa fahari, mikono imekaza kanga.

"Bibi, baridi itawaua," akasema. "Wakae jikoni kwako, usiku mmoja tu."

Sina hata shina moja la ulezi sasa. Nikasimama nikaujaza mlango.

"Aliyekula ulezi wangu hataota moto wangu."