Mkate wa Mshtarii

Kama kuna mtu hapa bonde la Elqui aliyewahi kula mkate wa tanuri la udongo na hamjui Uberlinda Araya, basi mkate huo aliuiba. Mume alimkimbia mapema, akamwachia binti mmoja, Yasna, na hilo tanuri. Kwa mikate akamsomesha mpaka akawa mwalimu, na mwaka huu Yasna amepata kazi mjini, kwenye shule ya watoto wa wenye magari, kwa majaribio kwanza. Mama mtu hakuwahi kukanyaga huko. Hakualikwa. "Ana shughuli nyingi, shoga," huniambia, nami najiuma ulimi, maana mimi jirani yake, muuza jibini ya mbuzi, mdomo wangu unajulikana.

Kumbe siku ikafika. Shule ilikuwa na sherehe ya nyota, na Yasna akapiga simu: wanafunzi wanataka sayari mbili za mkate, Dunia na Mshtarii. "Mshtarii ni kubwa mara kumi na moja kuliko Dunia, mama. Usikosee. Uzilete mwenyewe."

Uberlinda alifurahi hadi akaunguza mikate ya asubuhi, jambo ambalo sijapata kuliona. Akapiga pasi gauni la kanisani. "Atanitambulisha kwa wenzake," akasema. "Leo watajua Yasna ana mama."

Sasa, mwokaji hajui rula, anajua mzani. Akapima donge moja la unga, hiyo Dunia. Akapima madonge kumi na moja, sawasawa, akayakanda pamoja, huo Mshtarii. Nikamwambia hapo hakuna wa kumkosoa. Mimi mjinga wa pili.

Tulibeba kapu hadi shuleni, tukapanga mikate mezani, tukasimama ukutani. Wazazi wamejaa, wananukia. Mgeni wa heshima alikuwa kijana mmoja anayetazama nyota kwa darubini za mlimani. Akaitazama mikate, akacheka.

"Jamani, Mshtarii huu umekonda! Mbona upana wake ni kama Dunia mbili tu na kidogo?"

Akaeleza, wala hakuwa na ubaya. Kumi na moja ni upana: ukipanga Dunia kumi na moja kwenye mstari, ndipo unavuka Mshtarii toka ubavu hadi ubavu. Lakini kulijaza tumbo lake, zinahitajika Dunia zaidi ya elfu moja na mia tatu. "Aliyepika katia kumi na moja tu!"

"Huyo alisoma wapi?" baba mmoja akadakia, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Yasna aliiva uso. Mkuu wa shule, Bi Echeñique, akamgeukia. "Mwalimu, kaoka nani?"

Uberlinda alikwishapiga hatua mbele, tabasamu usoni.

"Mwanamke mmoja wa mikate," Yasna akasema, macho sakafuni. "Wa huko vijijini. Nilimwagiza tu."

Loo! Damu ilinipanda. Nikafungua mdomo, Uberlinda akanifinya mkono nusura nipige ukelele.

"Kosa ni langu, mabibi na mabwana," akasema polepole. "Mwalimu alinieleza vizuri. Ni mimi sikuelewa." Kisha akarudi ukutani.

Ndani ya basi nililipuka. "Amekukana! Mbele ya macho yako!"

"Nimemwaibisha, shoga. Mtoto kaniomba kitu kimoja tu."

"Wewe umemwaibisha yeye? Wewe?"

"Na sasa amemdanganya mkuu wake. Wakijua watamnyang'anya kazi. Kwa hiyo nyamaza, tafadhali, angalau safari hii."

Akageukia dirishani. Shingo yote ilikuwa nyekundu kwa haya. Nami nikaona aibu, sijui hata ya nani, na jibini niliyojibebea ya njiani ikanishinda kula.

Jumapili tulikuwa tunatoa mikate tanurini, gari likasimama nje. Akashuka Yasna, macho yamevimba kwa kulia, na nyuma yake Bi Echeñique, anakanyaga kwa uangalifu asichafue viatu. Binti alikuwa amemwomba waje pamoja, bila kumwambia kwa nini.

"Mama," Yasna akasema. Akamgeukia mkuu wake. "Bibi, huyu ndiye mama yangu. Amenizaa, amenisomesha kwa mikate hii. Siku ile nilimkana kwa sababu niliona aibu. Ukitaka kunifukuza, nifukuze."

Nikasema moyoni, haya, Mungu mkubwa.

Uberlinda hakumtazama binti. Alifuta mikono kwenye aproni, akamtazama Bi Echeñique, akatabasamu kama anavyowatabasamia wateja.

"Usimsikilize, bibi. Mwalimu ana huruma tu, aliniona nilivyofadhaika siku ile. Mimi sina mtoto. Niwafungie mikate mingapi?"