Damu ya Choya

Batuli, mwanamke wa Bagamoyo mwenye miaka arobaini na saba, anaishi kwa kupika damu. Ni fundi wa majeraha katika filamu za kutisha zinazopigwa pwani hii: koo lililochinjwa, jicho lililotobolewa, utumbo uliomwagika. Damu yake huichemsha kwa choya, yale maua mekundu ya sharubati, akaongeza sukari na unga kidogo wa ngano mpaka idondoke kwa uzito.

Hofu aliijua mapema. Bibi yake, kule Makurunge, alimsimulia habari za mumiani, watu wanaomning'iniza mtu kichwa chini na kumkamua damu ya kutengenezea dawa. Baadaye, kwenye mabanda ya video, akaona vitisho vya wageni, wafu wanaofufuka na watu wenye meno ya mbwa. Wenzake walijifunika kanga, yeye hakushtuka. Wale ungewatambua kwa sura. Mumiani wa bibi yake hakuwa na alama. Alikuwa mgeni yeyote aliyekuja na gari.

Kwa hiyo mwaka jana Abdulnasir, mtengenezaji filamu, alipotaka kupiga filamu ya mumiani, Batuli alifurahi kama aliyeitwa harusini. Wakaenda Fukayosi. Mwenyekiti wa kijiji akaahidi kuwatangazia watu. Kabla hajafanya hivyo akapata habari ya msiba Mkange, akaondoka alfajiri bila kumwambia mtu.

Asubuhi mwigizaji mmoja, Mikdad, akafungwa miguu na kuning'inizwa kwenye mkorosho. Muharami, aliyeigiza mumiani, akachuchumaa na ndoo chini ya shingo iliyopakwa choya.

"Dada Batuli," akatania, "nikukamulie lita ngapi?"

Mwanamke aliyekuwa akiokota kuni akawaona. Yowe lake likafika mashambani, na wanaume wakaja mbio na mapanga na magongo. Abdulnasir alinyoosha mkono kuwaonyesha kamera. Akapigwa mpini wa jembe, akaiangukia. Muharami alifungua kinywa aeleze, gongo la kwanza likamvunja meno. Alipoinua mkono kujikinga, panga likaondoka na vidole viwili. Wakamlaza kifudifudi, wakamkanyaga shingo. Mmoja akafyonza petroli ya pikipiki kwa mpira, mwingine akamrundikia majani makavu.

Batuli akainyakua ndoo. Wazo lake la kwanza lilikuwa ainywe mbele yao, wajue ni sharubati. Ilishamgusa midomo aliposita. Anayekunywa damu ni nani, kama si mumiani? Wangemchoma yeye pamoja na Muharami.

Ndipo akamwona Ashatu katikati ya wanawake. Jana yake Batuli alikuwa amenunua kwa mama huyo kilo tatu za choya.

"Bi Ashatu," akasema, "hii ni choya yako. Ionje."

Watu wote wakamgeukia Ashatu. Ikiwa damu, atakuwa amekula haramu mbele ya kijiji kizima. Petroli ilishamwagwa; Muharami alikuwa akikoroma chini ya mguu wa mtu. Ashatu akanusa ndoo, akasema bismillahi, akalamba kidole.

"Umezidisha sukari," akasema. Kisha akamgeukia aliyeshika kiberiti. "Na wewe, mwanangu, njoo ulambe."

Akaja, akalamba. Kiberiti akakirudisha mfukoni, na mguu ukatoka shingoni mwa Muharami. Mikdad akafunguliwa kutoka mkoroshoni. Waliomkata Muharami ndio waliombeba mpaka garini, bila kutazamana.

Njiani Batuli alimlaza mapajani, akiubana mkono wake kwa kanga. Damu ilikuwa ya moto, yenye harufu ya chuma, na ilianza kuganda mikononi mwake kabla hawajafika mjini.

Muharami alipona, akabaki na vidole vinane. Lakini alasiri ile, wakati daktari bado anamshona, Batuli alisimama kwenye bomba la hospitali kujiandaa kwa sala. Kwa miaka kumi na minane alisali na madoa ya choya kwenye mikono ya gauni, maana choya si najisi. Sasa alilifua pindo la mkono lenye damu ya Muharami mara tatu, akalikamua, akalitazama juani, akafungulia maji tena.