Magugu ya Hulda

Hulda alikuwa na shamba lisilolimwa, na kijiji kizima cha Mutwanga kilikuwa na la kusema juu yake. Mwanamke mwenye jembe na mikono miwili, kuacha magugu yafike kiunoni! Wakambandika jina, Mama Magugu. Naye, kwa kiburi chake, hakujisumbua kueleza. Wacheke, alisema, meno ni yao.

Kumbe ile ilikuwa kazi. Tangu binti yake Bénite angali wa kubebwa mgongoni, kila msimu wa mvua ulipokwisha Hulda alipanda mlimani kwenye shamba hilo, akalaza fremu ya miti juu ya vipande vilevile vya ardhi, akapima kila mmea umefunika sehemu gani. Mwalimu Jéthro, mtafiti wa mji wa Butembo, alitaka kujua jinsi mimea inayoishi pamoja inavyopanda na kushuka mwaka hadi mwaka. Mvua ikizidi, matete yalitanuka na kishona nguo kikanywea. Jua likikaza, kishona nguo kilichukua nafasi. Mmoja akianguka mwingine anasimama, basi udongo haukukaa uchi. Hofu ilikuwa mwaka ambao yote yangeshuka pamoja, na mlima ukose nguo mbele ya mvua. Masharti ya Jéthro yalikuwa mepesi: mwaka usirukwe, na jembe lisiguse pale.

Hulda aliipenda kazi hiyo kuliko alivyokubali. Mume alikufa, majirani walihama wakarudi wakahama tena, shule zikafungwa. Ni yale magugu tu, katika maisha yake yote, ambayo hayakuwahi kukatizwa.

Mwaka huu bunduki zililia karibu mno, akakimbilia Butembo na binti yake. Aliporudi, hata mlango wa nyumba hakufungua, alipanda moja kwa moja mlimani. Alikuta udongo mtupu, umelimwa vizuri, kingo zimenyooka. Akaketi.

Débora, jirani yake na kiongozi wa akina mama wa kanisa, alikuja nyuma yake akitabasamu.

“Karibu, Mama Bénite! Tulikufanyia salongo, tukalima pamoja siye bamama yote. Tulisema, akirudia akute majani, batu batamucheka tena.”

“Muliacha hata kidogo, yaya, dada yangu?” Hulda aliuliza.

“Hata kamoja! Tulitosha yote, tukang'oa mpaka na mizizi. Basoda, bale ba bunduki, balikatala tupite, tukabaomba. Risasi zikaanza kulia, tukalala mu mufereji, kisha tukaendelea.”

Hulda aligeuka amgombeze. Akaiona mikono ya Débora, malengelenge yamepasuka. Utamgombezaje mtu aliyelala mferejini chini ya risasi ili wewe usiaibike? Bila mizizi ile, mfululizo wa miaka yote aliyopima ulikuwa umekatwa, na hakuna wa kumlaumu. Neno moja la kueleza, siku zile za kuchekwa, lingetosha. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Machozi yakamtoka.

“Lakini unalia nini?” Débora alimshika bega. “Usiogope. Hata ukikimbia tena, tutarudia kukulimia.”

Hulda aliishika ile mikono yenye vidonda, akaikaza mpaka mwenzake akaguna.

“Nikikimbia tena, yaya, kimbia na wewe. Shamba uliache.”